Mtambo wa Kunusa Nyimbo

Siku ya kuniaga pale ukumbini Bariadi, kila aliyeshika kipaza sauti alisema nimelitumikia Taifa kwa moyo wote, kisha akaenda kwenye pilau. Hakuna aliyetaja hata kazi moja niliyofanya. Siwalaumu. Watu wanadhani kazi ya afisa utamaduni ni kuleta ngoma uwanjani mgeni rasmi akija, kuhakikisha wachezaji wamepata maji ya kunywa, na kurudisha viti vya kuazima. Basi nawaandikia ninyi mnaobaki katika kile chumba chetu kidogo nyuma ya masjala. Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi hivyo. Nataka kuandika kuhusu hakimiliki, na kuhusu uvumi wa hakimiliki, maana hivyo viwili vilinitia hofu ambayo haijanitoka. Hata leo nikisikia vishindo vya wanaume wanakimbia barabarani, naacha ninachofanya na kusimama.

Nilianza kazi Bariadi ikiwa bado ni wilaya ya Shinyanga. Nilimkuta Mzee Shija, afisa niliyekuja kumsaidia na baadaye kumrithi, mtu mrefu mwenye koti la kaki ambalo sikuwahi kuliona likifuliwa wala likichafuka. Nikamwamkia, nikamwonyesha vyeti vyangu.

"Viweke juu ya kabati, vitalala vizuri," akasema. "Unajua kupiga magoti?"

Nilikasirika, jamani! Nimesoma, nimehitimu, halafu mzee ananiuliza magoti. Lakini wiki hiyohiyo alinichukua kijijini nikaona alichomaanisha. Aliacha gari mahali ambapo kila mtu analiona. Alikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, akakaa, akasalimia salamu nzima, mwangaluka na mhola zake zote, akataja jina la baba yake na alikozaliwa. Suala lililotuleta hakuligusa mpaka alipoulizwa. Mimi nilipoletwa mbele ya wazee nilipiga magoti kama nilivyofundishwa na mama yangu, nikasalimia Kisukuma, nikaona nyuso zinalegea. Kurudi njiani Mzee Shija akaniambia vyeti vyangu sasa vinaweza kushuka kabatini.

Hakimiliki wakati ule ilikuwa ni kanda. Nilipewa karatasi ndogo za kung'aa za kubandika kwenye kanda halali, na chupa moja ya gundi. Gundi ilikauka kabla karatasi hazijapungua. Tulipita sokoni tukikagua maduka, wauzaji wakituona wanafunika kanda bandia kwa kanga, tukitoka wanafunua. Zikaja CD, zikapita. Halafu vikaja vibanda vya kujaza nyimbo. Unampa kijana kadi ya kumbukumbu ya simu yako, anaiingiza kwenye kompyuta, anakujazia nyimbo alizodaunlodi huko mtandaoni na nyingine alizonakili kwa wenzake. Hapo ndipo karatasi zetu za kung'aa zilipogeuka kuwa mapambo.

Aliyeniumiza roho zaidi alikuwa manju mmoja, nimwite Luhende. Manju ni mtunzi na kiongozi wa ngoma, na huyu alikuwa manju kweli. Sauti yake ilivuka mabonde. Wakati wa mashindano baada ya mavuno, kundi lake lilivuta watu mpaka uwanja wa upande wa pili ukabaki na mbuzi. Nyimbo zake zilikuwa kwenye kila simu kuanzia Nyashimo mpaka Shishiyu, na watu wasiomjua waliziweka mtandaoni kwa majina yao. Alikuja ofisini akiwa na simu ya mtoto wake mkononi, akaniwekea wimbo.

"Mayu," akaniita, yaani mama, "huyu anayeimba ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi kwa nini jina ni la mtu mwingine?"

Nikamwambia tusajili nyimbo zake, ili kesho akidai awe na pa kushika. Alikubali. Tukapanga kwenda kumrekodi nyumbani kwake, kitongoji kimoja upande wa Migato ambacho jina lake naliacha, maana watu wake bado wanaishi na wengi ni watu wema.

Mwaka huo nilikuwa nimeletewa msaidizi, Deo, kijana wa watu kutoka mbali, mpole, mwenye mapenzi ya vifaa. Alikuja na rekoda yake mwenyewe. Hedifoni kubwa za kuziba masikio, na maiki iliyovishwa sweta la manyoya ya kijivu ili upepo usilete kelele. Ukiiona mezani unaweza kudhani paka amelala. Tulimcheka sana. Kumbe kicheko chetu hakikuona mbali.

Kabla hatujaenda kwa Luhende, ukaja uvumi. Ulikuja kama sauti kwenye magrupu ya simu, sauti ya mwanaume mwenye lafudhi ya Dar es Salaam, anaongea kama mtu aliyetoka kikaoni sasa hivi. Eti Serikali imeingiza mtambo wa kunusa nyimbo. Eti mtambo unapitishwa nyumba kwa nyumba, na simu yenye wimbo uliodaunlodiwa bila kibali inalia yenyewe, mwenye simu anakwenda jela. Mwisho kabisa akaongeza kwamba msanii akishasajili wimbo, wimbo ni mali ya Serikali, na akiuimba hata harusini kwa ndugu yake anakamatwa. Akamaliza kwa kusema sambaza, okoa ndugu yako.

Nilicheka siku ya kwanza. Siku zilizofuata sikucheka. Lamadi watu walitupa kadi za simu ziwani. Harusi moja ilichezwa kwa kupiga makofi. Pale Nyashimo nilikutana na mama muuza dagaa aliyefuta kila kitu kwenye simu yake, pamoja na sauti ya binti yake aliyefariki akiimba kwaya. Alifuta kwa mkono wake, kwa hofu, bila mtu kumshika. Aliniuliza kama mtambo wetu unaweza kumrudishia. Nilimwambia hakuna mtambo, mama, haujawahi kuwepo. Akaniangalia kama mtu aliyepigwa kofi.

Halafu wakaja matapeli, kwa sababu uvumi ukishatengeneza hofu kuna mtu lazima aivune. Walivaa vizibao vya rangi ya machungwa, walibeba kidubwasha chenye taa, waliingia kwenye miji ya watu wakati wanaume wako shambani, wakakusanya simu "kwa uchunguzi", wakatokomea nazo. Watu sasa walikuwa na hofu na hasira kwa pamoja. Mimi huo mchanganyiko naujua.

Ikabidi nijibu. Nilirekodi sauti, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, nikaituma kwa watendaji wote wa kata waitawanye. Nilisema hivi: "Hakuna mtambo wa kunusa nyimbo, msifute nyimbo zenu. Wimbo ukisajiliwa unabaki wa mwimbaji. Mtu akija nyumbani kwako na mtambo akitaka simu yako, huyo ni mwizi. Msimpige. Mpelekeni kwa mwenyekiti, naye atupigie ofisini." Mkurugenzi aliisikiliza akaisifu. Mimi pia niliiona safi.

Kuna mtu aliiona ndefu. Mpaka leo simjui. Sidhani alikuwa na nia mbaya, pengine alitaka tu kuokoa chaji. Aliichezesha kwenye simu moja, akaanza kuirekodi kwa nyingine ilipofika katikati, akaachia njiani. Kilichosambaa vijijini kilikuwa sauti yangu ikisema: mtu akija nyumbani kwako na mtambo akitaka simu yako, huyo ni mwizi. Basi. Lile neno "msimpige" lilibaki kwenye simu ya kwanza.

Hapa ndipo penye somo la kazi, mlishike. Mkirekodi sauti ya kukanusha uvumi, kila sentensi iweze kusimama peke yake bila kumdhuru mtu, kwa sababu itasimama peke yake. Neno la uvumi msilirudie. Ukisema mtambo, hata ukisema haupo, aliyekusikia nusu ameshauona.

Siku tuliyokwenda kwa Luhende pamba ilikuwa inachumwa. Gari la ofisi lilikuwa limechelewa kutoka gereji, hivyo Deo akatangulia kwa bodaboda, mimi nikafuata na dereva wetu, Bwana Njile. Deo alifanya kila kitu sawasawa. Alipita kwa mwenyekiti, akakuta amekwenda mnadani, akaacha ujumbe kwa mke wake. Kwa Luhende alipokelewa vizuri. Walikula. Baada ya chakula Luhende akashika simu yake, akasikiliza zile sauti zinazosambazwa, na Deo akaanza kupanga vifaa. Haya niliyajua baadaye. Mimi nilichojua ni kwamba tulikuwa tumebakiza bonde moja tu nikasikia mwano.

Kwa ninyi mnaoletwa huku kutoka mikoa mingine: mwano ni ukelele wa hatari. Ukipigwa, kila mwanaume anaacha alichoshika, anachukua fimbo, panga, upinde, anakimbilia unakotoka, naye anaupokea na kuupeleka mbele. Asiyekwenda anatozwa. Anayepiga mwano wa bure anatozwa ng'ombe, na mamanju wa upande wa pili wanamtungia wimbo. Ng'ombe watu husahau. Wimbo hausahauliki.

"Mama, huo ni mwano," Njile akasema, akapunguza mwendo.

Niliona wanaume wanatokea kila upande wa mashamba ya pamba. Wanaume wazima, wengine na mifuko ya pamba bado imefungwa kiunoni, wanakimbia kimyakimya. Hawakutuangalia. Wote walikuwa wanaelekea tunakoelekea sisi. Nilipiga simu ya Deo, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena.

"Tugeuze?" Njile akauliza. Alikuwa ameshaanza kukata usukani.

"Kanyaga," nikamwambia.

Niliisikia sauti yangu mwenyewe kabla sijamwona Deo. Uwanja wa Luhende ulijaa migongo ya watu, na juu ya vichwa mtu mmoja alikuwa ameinua simu, ameifungulia sauti mpaka mwisho, inatoa maneno yangu, inarudia, inarudia. Huyo ni mwizi. Huyo ni mwizi. Njile akanigeukia.

"Mama, hiyo si ni wewe?"

Mungu wangu! Nilishuka, nikapenya kati ya migongo ile nikisema nipisheni baba, nipisheni. Deo alikuwa chini, amefungwa viwiko nyuma kwa kamba ya ng'ombe, shati limelowa damu ya kichwani mpaka kiunoni. Macho yalikuwa wazi. Maiki ya manyoya ilikuwa pembeni, wameifunika kwa tawi la miiba, hakuna aliyethubutu kuigusa. Bodaboda aliyemleta alikuwa ametokomea zamani. Mzee mmoja alikuwa amesimama juu ya Deo na rungu begani, na wengine walikuwa wanamsubiri yeye. Nikajua huyo ndiye kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji.

Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kupiga kelele. Nikapiga magoti.

"Mwadila, baba."

Alinitazama. Uwanja ukatulia kidogo, kwa sababu hakuna Msukuma anayekatisha salamu.

"Mwadila, mayu. Ng'wana nani?"

"Ng'wana Masanja, wa Bariadi."

"Mhola?"

"Mhola duhu," nikajibu. Salama tu! Mtu wangu anavuja damu mbele yangu, na mimi nasema salama tu, polepole, mpaka mwisho wa salamu, kwa sababu salamu hiyo ndiyo kitu pekee kilichokuwa kinalizuia lile rungu.

Ndipo kijana mmoja akaruka. "Ni yeye! Ni yule mama wa kwenye simu!"

Hee! Walishangilia. Walinipigia makofi. Kamanda mwenyewe akashusha rungu, akatabasamu, akanionyesha Deo kama mtu anayemwonyesha mgeni mavuno yake.

"Mayu, mwizi wako huyu hapa. Tumefanya ulivyosema."

"Baba, huyu si mwizi," nikasema. "Ni mtumishi mwenzangu. Mimi ndiye niliyemtuma."

Makofi yakakatika. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema taratibu, "Kumbe wako wawili." Mwingine akasema wako watatu, na dereva, nikasikia mlango wa gari unafunguliwa kwa nguvu na Njile anaomba. Simu ikaendelea kusema huyo ni mwizi. Nilitaka kuwaeleza kwamba sauti imekatwa, nikaona nyuso zao, nikajua nikianza kueleza sitamaliza. Niliwaza watoto wangu, nasema kweli, niliwaza nani atawapigia simu.

Kilichonijia ni sheria yao wenyewe.

"Baba, sipingi mwano. Naomba aliyeupiga asimame, aseme ameibiwa nini."

Kamanda akafikiri. Uwanja ulianza kunung'unika, akainua mkono. "Ameomba haki. Aliyepiga mwano asimame."

Akasimama Luhende. Nilikuwa sijamwona. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake, mikono katikati ya magoti. Ndipo nikaelewa kwa nini mwano ule ulikuwa umefika mbali kiasi kile. Hakuna aliyekuwa na koo kama lake nchi ile.

"Sauti yangu," akasema. "Alikuja kuchukua sauti yangu. Alivaa vile vitu masikioni, akanielekezea lile linyama la manyoya, linanusa. Wamesema nikishaandikishwa, nyimbo si zangu tena. Nikiimba nafungwa. Nitaimba nini mimi? Nitakula nini?"

"Luhende," nikamwita, "wewe mwenyewe ulikuja ofisini kwangu ukatuomba tuje."

Alinitazama. Alikuwa anakumbuka, niliona usoni. Na niliona pia anapiga hesabu yake: akikiri, mwano ulikuwa wa bure, na kuanzia uwanja ule mpaka ziwani ataimbwa yeye. Akatazama chini.

"Simjui huyu mama," akasema.

Kamanda akaushika mpini wa rungu upya, na watu wakaanza kusogea.

Aliyetoka nyuma ya nyumba alikuwa mke wa Luhende, mwanamke mdogo wa umbo, jina lake Ng'washi. Alikuwa amebeba bakuli kwa mikono miwili. Alipita kati ya wanaume wenye mapanga kama anapita kwenye maji, akapiga magoti pembeni yangu.

"Baba kamanda, mwizi wenu amekula kwangu. Hii ni mifupa ya kuku. Kuku wangu nimemchinja kwa ajili yake."

"Mwizi anaweza kula," mtu akasema.

"Firigisi alipewa nani?" Ng'washi akauliza. Hakumwangalia mumewe. "Muulizeni baba watoto. Firigisi alimpa nani kwa mkono wake?"

Firigisi ni ya mwenye mji. Mwenye mji akiitoa kwenye sahani yake akampa mgeni, amesema mbele ya watu wa nyumba yake kwamba huyu ni wetu. Haipewi mpita njia, wala mtu wa kushukiwa. Kamanda alikuwa mzee, alilijua hilo kuliko mimi. Alimgeukia Luhende taratibu.

"Ulimpa?"

Luhende akageuzia uso mlango wa nyumba yake.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Ama ulimpa mwizi firigisi, ama umempigia mwano mgeni wako. Chagua moja, tulisikie."

Nilikuwa nasikia pumzi ya Deo pale chini, inakwaruza. Nikawa naomba kwa majina ya watakatifu wote ninaowajua, na ninaowajua ni wachache. Mwenye simu alikuwa ameizima sasa. Luhende alifungua mdomo mara ya kwanza, sauti haikutoka. Manju, sauti haikutoka.

"Ni mgeni wangu," akasema mara ya pili.

Kamba ilikatwa na mtu yuleyule aliyeifunga. Wale waliokuwa wananishangilia waliondoka mmojammoja, wakarudi kwenye pamba, hakuna aliyesema pole. Luhende alitozwa ng'ombe siku hiyohiyo. Wimbo nao ulitungwa, nimeusikia, ni mzuri kwa bahati mbaya. Nyimbo zake hakuzisajili tena, na kila mwaka nilipomtumia ujumbe alijibu kwamba yuko shambani. Simchukii. Niliona alivyoogopa, nami siku hiyo niliogopa vilevile.

Tulimlaza Deo kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwangu, Njile akaendesha mpaka Bariadi. Hospitalini walimshona kichwa, mshono mrefu kuanzia utosini kushuka nyuma ya sikio. Muuguzi aliyemsafisha alikuwa mwenyeji, ameshaona wengi waliopigwa kwa mwano. Alimgeuza mikono, akaitazama pande zote mbili, akashangaa.

"Wote wanaoletwa hapa huwa wamevunjika mikono, kwa kujikinga kichwa. Wewe mikono yako mizima. Hukujikinga, kaka?"

"Nilijikinga, dada," Deo akasema. Aliongea taratibu, midomo imevimba. Kisha akanigeukia mimi. "Nilikuwa nimejikinga vizuri tu. Halafu, kabla hawajanifunga, nikamsikia mama anaongea. Nikajua amefika, nikashusha mikono."